Matia Mulumba, mzee aliyemtafuta Mungu kwa miguu yake



Kila mwaka tarehe 3 Juni tunaadhimisha Mashahidi wa Uganda, na karibu kila mwaka mahubiri yanakuwa ya Karoli Lwanga na Kizito. Sina ugomvi nao. Walikuwa vijana kama sisi, Kizito hata umri wa kupata kitambulisho cha taifa alikuwa hajafikia, na habari zao zinatugusa moja kwa moja. Ila leo naomba tukae na mzee mmoja ambaye kwenye ile picha ya mashahidi 22 huwa yupo tu katikati ya kundi, hatumwangalii. Anaitwa Matia Mulumba Kalemba. Alipouawa alikuwa na umri wa kama miaka 50. Alikuwa na cheo, mke, watoto na nyumba ya kueleweka.

Nimemchagua kwa sababu ya swali lililoulizwa kwenye kikao chetu cha vijana hapa Sekei baada ya Misa. Mwenzetu mmoja, aliyebatizwa akiwa kichanga, alisema anakuja kanisani, anaimba kwaya, jumuiya anahudhuria, lakini hajui kama kweli anamjua Mungu au amezoea tu. Akaongeza kwamba ameshakwenda mikesha ya makanisa mengine hapa mjini mara mbili tatu, kutafuta. Watu wakakaa kimya, halafu wakaanza kumkemea. Kiukweli niliona aibu, maana na mimi swali lile ninalo, sema sijawahi kulitoa mdomoni. Usiku ule nikamkumbuka Matia. Nadhani angekuwepo pale angevuta kiti akakaa karibu na yule mwenzetu.

Sasa tuanze.

Matia alizaliwa Busoga, mashariki ya mto Nile pale unapotoka Ziwa Victoria, mnamo miaka ya 1830. Hakuwa Mganda. Akiwa bado mtoto mdogo wavamizi waliwateka yeye na mama yake, wakavushwa kwenda Buganda na kuuzwa. Yaani huyu tunayemwita mtakatifu alianza maisha kama bidhaa. Bahati yake, kama tunaweza kuiita bahati, ni kwamba aliangukia katika nyumba ya mtu aliyeitwa Magatto, ambaye hakumweka kama mtumwa bali alimlea kama mmoja wa watoto wa ukoo. Nyumba hiyo ilikuwa na undugu na Mukasa, yule aliyekuja kuwa Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda. Lishike hilo jina, tutalirudia.

Mzee aliyemlea hakuwa Mkristo, na hakuna Mkristo yeyote aliyekuwa amefika Buganda wakati huo. Waganda walikuwa na jina la Muumba, Katonda, kama Waarusha na Wamasai walivyo na Engai na Wachaga walivyo na Ruwa. Lakini katika shida za kila siku watu walikwenda kwa lubaale, mizimu wakuu wenye mahekalu na waganga wao. Katonda alikuwa mbali, anajulikana kwa jina, anaombwa kidogo. Mzee huyo alikuwa na mashaka. Aliamini moyoni kwamba Waganda hawajaupata ukweli, na alikuwa akiutafuta kimyakimya. Kabla ya kufa alimwambia Matia kwamba ipo siku watakuja watu wa kufundisha njia iliyo sawa. Habari hii tunaijua kwa sababu Matia mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alimsimulia padre, na padre akaiandika.

Mimi hapa huwa nasimama. Baba mlezi anakufa bila kupata alichokitafuta, na kitu pekee anachomwachia kijana ni kiu. Wengi wetu wazazi wametuachia imani kamili, imefungwa vizuri, na kiu hatukupewa. Sijui kipi ni kigumu zaidi.

Matia akaishi na maneno yale kwa miaka mingi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar na pwani walipoingia Buganda na dini ya Uislamu, aliwaangalia namna wanavyosali, akasikiliza wanavyomwongelea Mungu mmoja, akalinganisha na yale aliyoambiwa. Akaona hawa ndio. Akawa Mwislamu. Tusipite haraka hapo, maana kuna watu wakisimulia maisha yake wanaruka kipande hiki kana kwamba ni cha aibu. Uislamu ndio uliomfundisha kusali kwa saa maalumu na kumwinamia Mungu mmoja. Na kuwa Mwislamu Buganda haikuwa mchezo: katikati ya miaka ya 1870 Kabaka Mutesa, ambaye mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani miaka mingi, aligeuka na kuwaua Waislamu zaidi ya 70 kwa sababu walishika dini yao kuliko amri yake. Waliuawa Namugongo. Pale pale ambapo vijana wetu walichomwa moto miaka kumi hivi baadaye.

Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kianglikana, na mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa kila kitu: vyuma, mbao, mashine ya kuchapia. Matia akahamia kwake. Alimsikiliza, akajifunza, akaanza kujiandaa kwa ubatizo. Katika miaka hiyo ya mwanzo mafundisho mengi yalipitia Kiswahili, kwa kuwa wamisionari walikuwa bado hawajakijua Kiganda, na pale ikulu Kiswahili kilikuwa kimeshaingia kupitia wafanyabiashara. Mutesa mwenyewe alikifahamu. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba lugha hii tunayoandikia hapa ilishiriki katika safari yao ya imani.

Halafu wakaja Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Safari yao inatuhusu Watanzania. Waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakakata nchi yetu kwa miguu kupitia Tabora, mwenzao mmoja, Padre Pascal, akafia njiani, wakafika kusini mwa ziwa upande wa Mwanza mwishoni mwa mwaka huo. Kutoka hapo wawili wakatangulia kwa mtumbwi: Padre Siméon Lourdel, Mfaransa wa miaka 25, na Bruda Amans. Walitia mguu Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Waganda walisikia wenzake wakimwita padre kwa Kifaransa, mon père, na hilo likawa jina lake mpaka leo: Mapera.

Umri wa miaka 25 jamani. Na aliyekuja kukaa miguuni pake kufundishwa alikuwa mzee anayeweza kumzaa.

Wakati huo Matia alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa na cheo cha Mulumba, yaani msaidizi wa Mukwenda, chifu mkuu wa wilaya ya Ssingo, magharibi ya Buganda, na makao yake yalikuwa Mityana. Jina Mulumba tunalomwitia ni la kile cheo. Alikuwa na wake wengi, watumwa, ng'ombe, watu wa kumbebea kila kitu. Alikuwa na nguvu za mwili na sauti inayosikika. Mtu wa namna hiyo, mwaka 1880, akaenda kwa Mapera akaomba aandikishwe kuwa mkatekumeni. Alishakuwa Mwislamu, alishakaa karibu kubatizwa na Waanglikana, na sasa anaanza upya kwa mara ya tatu. Hebu fikiria maneno ya watu. Hapa kwetu mtu akihama kanisa mara moja tu tunamwita tangatanga.

Kwa nini alihama tena? Waandishi wengine wa zamani wa upande wetu hupenda kusema aliona mara moja kwamba Wakatoliki ndio wenye ukweli wote, kama vile mlango ulifunguka tu. Mimi sidhani ilikuwa rahisi hivyo. Ninachokiona kwenye maisha yake ni kwamba kila mahali alipofika aliingia kwa mwili mzima, na hakukubali kubaki kwa sababu tu ameshafika. Kwa Mapera alibaki. Na tuseme haki, kule kwa Mackay walibaki watu wema wengi, nao mwaka 1886 walichomwa moto pamoja na wetu. Mashahidi Waanglikana ni 23.

Kubaki kuligharimu. Padre alimweleza kwamba Mkristo ana mke mmoja. Matia akawaaga wake wengine wote, akabaki na mmoja. Watumwa wake akawapa uhuru. Kwa chifu wa Buganda, wake na watumwa ndio utajiri wenyewe, ndio heshima, ndio mtandao wa ukoo na ukoo. Alijivua hadharani.

Nikiri kwamba wale wanawake huwa wananisumbua. Majina yao hatunayo. Inasemekana aliwaachia namna ya kuishi, na kwa tabia yake naamini, lakini hatujui wao walilala vipi usiku ule. Kuongoka kwa mtu mmoja kulitikisa maisha ya watu ambao hawakuulizwa. Sisemi Matia alikosea. Nasema tukisimulia habari hii tusiisimulie kana kwamba ilikuwa nyepesi kwa kila mtu.

Alibatizwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, pamoja na rafiki yake Luka Baanabakintu, mtu wa Mityana pia. Tukumbuke tarehe hiyo.

Baada ya hapo ndipo mambo yanaponoga, na hapa ndipo nataka tukae zaidi, maana furaha ya huyu mzee haikuwa ya kurukaruka. Ilikuwa ya mikono. Matia alijifunza kazi ambazo chifu hakutakiwa kuzigusa: kufinyanga vyungu na kutengeneza ngozi. Alipokwenda kwa mapadre na kupewa kitu cha kurudi nacho, alikibeba mwenyewe kichwani au begani njia nzima, watu wakimshangaa. Kwa Waganda wa wakati ule chifu kubeba mzigo ilikuwa kituko. Fikiria leo mkuu wa wilaya anakatiza Soko Kuu na gunia la viazi kichwani, msafara wake unamfuata mikono mitupu. Wengine walicheka, wengine waliona amepata wazimu. Yeye aliona ni kawaida, kwa kuwa Bwana wake alibeba mti.

Na umbali haukuwa wa mchezo. Mityana na makao ya mapadre ni kama kilomita 70. Toka hapa Sekei asubuhi, pita Tengeru, pita Usa River, pita njia panda ya KIA, vuka Boma Ng'ombe, na bado hujafika Moshi mjini. Alikuwa akienda kwa miguu kusali na kufundishwa, halafu anarudi kuwafundisha wa kwake. Sisi ikinyesha kidogo tu kanisa linabaki nusu.

Mtihani mkubwa ulikuja miezi michache tu baada ya ubatizo wake. Novemba 1882 mapadre waliona hali ya ikulu imekuwa ya hatari, wakaondoka wote kwenda kusini ya ziwa, Bukumbi, huku kwetu upande wa Mwanza. Walikaa huko mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu. Hakuna Misa, hakuna kitubio, hakuna katekista aliyetumwa na jimbo, hakuna redio ya dini. Wabatizwa wenyewe walikuwa wachache na wengi wao wachanga katika imani.

Kwa akili ya kawaida Kanisa lile lilitakiwa life. Ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe akawashika vijana wa Kabaka. Mjini Andrea Kaggwa, mkuu wa ngoma za Kabaka, nyumba yake ikajaa wakatekumeni. Na kule Mityana, Matia. Alifanya tu alichokuwa amekifanya siku zote: alikaa na watu, akafanya nao kazi, akawaeleza alichokijua. Luka alimsaidia, na Noa Mawaggali, mfinyanzi, na baadhi ya wanawake ambao bila wao jumuiya isingekuwepo. Mpaka mwaka 1886 watu wa Mityana waliokuwa wakisali pamoja walikuwa wamefika karibu 200. Ukitaka kujua mfano wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya kwanza Afrika Mashariki, mimi ningekupeleka pale.

Ndiyo maana swali la mwenzetu naliona linajibika kidogo hapo. Katika miaka ile mitatu Matia hakuwa na cha kuzoea. Hakuna aliyemwona akija Misa kwa sababu Misa haikuwepo. Kilichobaki ni yeye na Katonda, wale jirani zake, na udongo wa kufinyangia vyungu.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana wa chini ya miaka 20. Habari za Mwanga tumezisikia sana, sizirudii zote. Aliwaogopa Wazungu waliokuwa wanakuja kutoka pwani, alikuwa na washauri waliowaogopa Wakristo kuliko yeye, na vijana wa ikulu walikuwa wanamkatalia mambo machafu aliyoyataka. Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa Busoga, nchi aliyozaliwa Matia. Novemba 15 mwaka huo Yosefu Mukasa, aliyemkanya Kabaka kwa kifo hicho, akauawa. Kisha ikaja Mei 1886, na Kabaka akaamuru wote wanaosali wakamatwe.

Matia na Luka walikamatwa wakafungwa usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 27 Mei wakapelekwa kwa Katikkiro Mukasa. Ndiyo, Mukasa yule yule, wa ile nyumba iliyomlea Matia alipokuwa mtoto wa kununuliwa. Aliyekaa kwenye kiti cha hukumu alimjua Matia toka zamani.

Katikkiro hakuanza na dini. Alianza na dharau. Alitaka kujua ilikuwaje mtu mzima, chifu, akawafukuza wake zake na kujipikia mwenyewe, akakonda hivyo, kwa sababu ya mafundisho ya Wazungu. Matia akamuuliza kama ameletwa pale kwa ajili ya wembamba wake au kwa ajili ya dini yake. Nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu. Mtu yuko mlangoni mwa kifo na bado utani upo. Katikkiro akaamuru auawe, akaongeza kwa kejeli kwamba tuone huyo Mungu wake atamwokoaje. Matia akajibu kwamba Mungu atamwokoa kweli, ila Katikkiro hataona namna gani, kwa sababu roho itachukuliwa na kitakachobaki mikononi mwao ni mwili tu.

Wakaondoka naye kuelekea Namugongo, na Luka pamoja. Njia inapita kilima cha Kampala, hiki kinachoitwa leo Old Kampala. Pale Matia alisimama, akawaambia wauaji hakuna sababu ya kwenda mbali, kama ni kuua wamuulie hapo hapo. Akamuaga Luka kwa kumwahidi kuonana mbinguni. Luka akasukumwa kuendelea na safari. Yeye alichomwa moto Namugongo pamoja na Karoli Lwanga na wenzao tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana.

Yaliyofuata kilimani nitayasema kwa kifupi, maana na watoto wanasoma. Walimkata mikono na miguu kwenye maungo, wakachuna vipande vya nyama mgongoni na kuvichoma moto mbele ya macho yake. Kisha wakafunga mishipa ili damu isitoke haraka, kusudi asife upesi. Wakamwacha juani kwenye vichaka wakaenda zao. Walioshuhudia walisema hakulia wala kulalamika. Alilitaja jina moja tu, tena na tena. Katonda. Lile jina la Muumba aliyekuwa mbali, ambalo mzee Magatto na watu wa nyumba yake walilijua lakini hawakuwa wakiliita sana.

Sasa rudi kwenye ile tarehe. Alikatwa tarehe 27 Mei. Kesho yake, tarehe 28, ilitimia miaka minne kamili tangu abatizwe. Siku hiyo aliipitisha akiwa hai, peke yake, kilimani. Sijui aliwaza nini na sitajifanya najua. Watu wengine husema mashahidi huwa hawasikii maumivu kwa sababu ya furaha. Mimi hilo siliamini kwa Matia, kwa sababu tunajua kitu kimoja zaidi. Siku ya tatu watu waliopita kukata matete walisikia sauti kwenye kichaka ikiomba maji. Waliposogea na kuona hali yake waliogopa, wakakimbia. Maji hawakumpa. Mtu anayeomba maji anasikia kiu. Alikuwa binadamu mpaka mwisho. Inakadiriwa alifariki tarehe 30 Mei.

Hao wakata matete huwa nawahurumia pia. Pengine walikuwa vijana tu. Kusaidia mtu aliyehukumiwa na Kabaka kungewaletea balaa. Lakini nimewahi kujiuliza waliishije baadaye, kila walipoteka maji.

Huko Mityana hali ikawa mbaya. Askari walivamia kuwinda waliobaki. Tarehe 31 Mei walimkuta Noa Mawaggali, yule mfinyanzi, wakampiga mkuki, wakamfunga kwenye mti na kumwachia mbwa. Mke wa Matia na watoto wao walikamatwa, mali yao ikaporwa. Dada yake Noa, msichana aitwaye Munaku, aliwafuata wauaji na kuwaomba wamuue na yeye kwa dini ile ile. Hawakumuua, walimchukua mateka. Aliteswa aiache imani, hakuiacha, mpaka mapadre wakamkomboa. Akabatizwa, akaishi maisha yake yote bila kuolewa, akiwatumikia Wakristo, na kwa wengi yeye ndiye mbegu ya masista wa Uganda. Siku moja naahidi tutamwandikia makala yake peke yake, anastahili.

Kabaka Mwanga naye maisha yakamzungusha. Aliondolewa madarakani, akarudishwa, akapigana na Waingereza, akashindwa, akapelekwa uhamishoni kisiwani Seychelles. Huko akabatizwa katika Kanisa la Anglikana, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Mapera alikuwa ameshatangulia: alifariki Mei 1890, akiwa na miaka 36.

Habari hizi wakati ule zilichukua muda kuvuka ziwa na nyika. Huku kwetu mlimani Injili ilikuwa bado. Miaka kumi baada ya Matia, mwaka 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya huu huu Mlima Meru tunaouona tukifungua dirisha asubuhi. Wakatoliki walikuja na wakapanda mbegu kwa taratibu yao. Kwa hiyo Ukristo wa hapa ni mdogo kwa umri kuliko tunavyodhani. Bibi wa bibi yangu angeweza kuishi na watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Yesu.

Papa Benedikto wa 15 alimtangaza Matia na wenzake kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea. Miaka mitano baadaye Papa huyo huyo alikuja Uganda, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika tangu nyakati za kale. Namugongo leo inapokea mahujaji kutoka kila upande, na kila mwaka wapo Watanzania wanaokwenda kwa miguu kabisa. Kama VIWAWA au TYCS ya parokia yako inapanga safari ya Juni, waombe mpite na Old Kampala kabla ya kufika Namugongo. Mabasi mengi ya hija hayasimami hapo. Kilimani leo kuna msikiti mkubwa unaoonekana mji mzima, na kuna kanisa lenye jina la Mtakatifu Matia Mulumba. Nikiwaza kwamba mzee yule aliwahi kusali kama Mwislamu na akafa kama Mkatoliki, naona kilima kile kinamfaa.

Yule mwenzetu wa kikaoni nimemtumia habari hii kabla ya kuiweka hapa. Amesoma. Amenijibu kwamba bado hajui, lakini Jumamosi atakuja kwenye kazi ya kubeba mawe ya ukuta wa kanisa. Nami nitakuwepo. Mje na glovu kama mnazo.

Mtakatifu Matia Mulumba Kalemba, utuombee.